Saa ya kurudi anaitaja mwenyewe

Kwangu hakuna fimbo nyuma ya mlango, wala hakuna amri ya kila mtoto kuwa ndani adhana ya magharibi ikilia. Anayetoka hunitajia mambo matatu: anakwenda wapi, yuko na nani, atarudi saa ngapi. Saa ya kurudi anaitaja mwenyewe. Akisema saa kumi na mbili, ni saa kumi na mbili, kwa kuwa neno ni lake, na akiona atachelewa anatafuta simu ya mtu mzima aliye karibu anijulishe. Ndivyo tunavyoishi mimi, baba yao na watoto watatu hapa Ngamiani, Tanga mjini, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele ndicho ninachoshonea.

Mkubwa ni binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Wa kati ni kijana wa miaka 12, darasa la sita. Kitinda mimba ana miaka 8. Majina yao siandiki. Kabla ya kuweka maneno haya hapa niliwasomea jioni moja, na wa kati akaomba kisa kimoja kinachomhusu kitolewe. Nimekitoa. Kilikuwa kinaeleza nilichotaka kusema kuliko visa vyote vilivyobaki, lakini ni chake.

Wateja wangu wengi ni akina mama wenye kuleta vitambaa vya sare kuanzia Desemba, shule zikikaribia kufunguliwa. Wakiwa wanasubiri kupimwa wanaona mengi. Wanamwona mdogo ameshika wembe. Wanamwona kijana anafungua droo ya pesa bila kuniuliza. Wanamwona binti anaaga kwamba anapanda baiskeli kwenda Chumbageni kwa rafiki yake, nami najibu, "Haya mwanangu, nenda salama," huku mguu uko kwenye pedeli. Hapo maneno huanza. "Fundi, watoto hawa umewaachia mno." "Fundi, hayo malezi ya kizungu yatakuja kukuliza." Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na kuniombea, kila akija hunikumbusha: "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Huwa najibu kwa kifupi, maana nina futi mkononi na mteja mwingine yuko mlangoni. Leo nataka kujibu kwa urefu.

Nianze na wembe, kwa sababu ndio unaowatisha wengi.

Fundi hawezi kufanya kazi bila kufumua. Mshono ukipinda, unafumua. Mtoto akirefuka, unafumua pindo la sketi yake. Kwa kufumulia sisi tunatumia wembe, na mtoto anayekulia kwenye chumba cha cherehani atautaka tu, apende mama asipende. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe, na watu wengi wanauchukua msemo huo kama kumkomoa: mwachie umkate, akome. Mimi nilimpa kitinda mimba wangu wembe alipofikisha miaka sita, na nilikaa naye ubavuni.

Wembe wa kufumulia haushikwi mzima. Unauvunja katikati kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, upate nusu yenye makali upande mmoja. Kitambaa unakivuta kwa mkono wa kushoto mpaka mshono usimame. Unapenyeza ncha, unakata uzi mmoja, unaruka mitatu au minne, unakata tena, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha unageuza upande wa pili na kuvuta uzi wote ukatoka. Makali siku zote yanatazama mbali na vidole. Nilimpa sketi kuukuu isiyo na hasara hata ikichanika, na kila alipokata uzi nilikuwa natazama mkono wake, si kazi yangu.

Alijikata. Aligeuza kitambaa wembe ukiwa bado mkononi, ukampitia kidole gumba. Alilia, tukaosha kwa maji na sabuni, tukafunga kitambaa safi. Nilimwuliza swali moja: "Wembe ulikuwa wapi ulipogeuza nguo?" Akafikiri, machozi yanamtoka, akasema, "Mkononi." Siku hizi kabla ya kugeuza nguo anaulaza kwenye kisahani cha chaki, na mtoto wa jirani akija kucheza yeye ndiye anayemwambia asiguse hapo. Msimu wa sare uliopita alinifumulia mapindo ya sketi nyingi za marinda, na nilimlipa kama ninavyowalipa wasichana wanaokuja kunisaidia.

Kinachosahaulika ni muda. Kukataza kunachukua neno moja, halafu mzazi anarudi kwenye shughuli zake. Kumwamini mtoto na kitu chenye makali kulinichukua jioni nyingi za kuacha cherehani imelala huku mteja ananipigia simu kuulizia nguo yake. Anayedhani mimi nimewaachia watoto ili nipumzike hajawahi kukaa ubavuni mwa mtoto mwenye wembe.

Droo ni habari nyingine. Pesa ya wateja inakaa kwenye droo ya meza ya kukatia, na droo haina kufuli. Juu yake kuna daftari. Mtu akichukua pesa anaandika jina lake, kiasi na sababu: uzi mweusi, vifungo, nauli, mkate. Nami naandika. Baba yao, ambaye anafanya kazi za kutwa bandarini na anarudi amechoka, naye akichukua ya vocha anaandika. Watoto wamejifunza hesabu ya nyumba kwenye daftari hilo kuliko popote. Binti mkubwa ndiye anayenunua umeme wa LUKU, na ni yeye aliyegundua kwamba pasi ya umeme ndiyo inayokula yuniti zetu, akapendekeza nguo za wateja zipigwe pasi kwa pamoja jioni badala ya moja moja mchana kutwa.

Kuna siku hesabu ilikataa. Shilingi 5,000 hazikuwa kwenye droo na hazikuwa kwenye daftari. Niliwaita wote, nikasema pesa haipo, anayejua aseme, hatapigwa wala hatatukanwa. Hakuna aliyesema. Baba yao akataka tuwahoji mmoja mmoja, na shangazi yao aliyekuwepo akataka tuweke kufuli siku ile ile. Usiku nililala nikiwa na uchungu, kwa sababu kiasi hicho kwetu si kidogo, na kwa sababu nilikuwa nawatazama wanangu usoni nikijiuliza nani.

Hadi leo sijui. Inawezekana ni mmoja wao. Inawezekana ni mteja, mlango uko wazi kutwa. Inawezekana mimi mwenyewe nilirudisha chenji nikakosea. Droo haikuwekwa kufuli. Niliona kwamba nikifunga nitakuwa nimewaambia watoto watatu kuwa ni wezi kwa jambo la mtu mmoja nisiyemjua, na wawili kati yao, au wote, watalibeba neno hilo bila kosa. Nilichobadilisha ni kwamba sasa tunahesabu kila usiku kabla ya kulala badala ya Jumamosi tu, na mhesabuji ni zamu. Najua msomaji angependa kusikia mtoto alikuja akakiri huku analia. Halikutokea hilo, na bado nasema tulifanya sawa.

Kuhusu pesa ya shuleni nitasema kidogo tu. Kila Jumatatu kila mmoja anapewa ya wiki nzima mkononi. Kijana wangu mwanzoni alikuwa anaimaliza Jumanne kwa mihogo ya kukaanga, kachori na juisi za barafu, akiwanunulia na wenzake. Sikumwongezea. Chakula nyumbani kipo, alifungiwa kiporo akaenda nacho. Ilipita miezi kabla hajaanza kufikisha Ijumaa, na mpaka sasa kuna wiki hafikishi. Pesa ni yake.

Bahari nayo. Tanga ukizaliwa mtoto wa kiume, Raskazone inamwita. Unaweza kumkataza, naye ataenda na marafiki bila wewe kujua, atarudi amejipaka mafuta kuficha chumvi mwilini. Mimi siwezi kuogelea, na nilikuwa na hofu sana na maji. Kaka yangu anaweza, akawafundisha wote watatu, na wasichana pia. Zaidi ya kuogelea aliwafundisha kusoma maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapa kwetu maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Maji yakianza kutoka yanavuta, na mtoto asiyejua atashangaa ufuko umekuwa mbali. Kwa hiyo kijana wangu akiaga kwenda kuogelea, kwenye yale mambo matatu anaongeza la nne: maji yako wapi. "Mama, leo yanajaa saa kumi, tutatoka kabla hayajageuka." Nikisikia hivyo naendelea kushona. Asipoweza kunijibu haendi, na anajua kwa nini.

Maana mipaka ipo, na nisingependa mtu asome hapa adhani haipo. Baharini hakuna kwenda peke yako, wala kwenda usiku. Petroli ya jenereta haiguswi na mtoto. Hakuna kumpiga mwenzako wala kumshika mtu mwili wake bila ridhaa yake. Na shikamoo haipigiwi kura. Mtu mzima akiingia hapa, awe mteja mwenye gari au mzee wa kuuza karanga, anapata shikamoo yake, anapewa kiti. Wanaosema watoto walioachiwa uhuru hukosa adabu wanaamkiwa na wanangu kila siku. Baba yao ana mpaka mmoja wa kwake, sala, na huo anausimamia yeye kwa kuwaamsha na kwenda nao, si kwa kuwafokea.

Kingine tunachokitumia ni hapana yenye tarehe. Mzazi akikataa jambo, anatoa sababu na anasema lini litaangaliwa tena. Ukishona sare ya mtoto unaacha pindo, akirefuka unalifungua, na hapana zetu nyingi ni za namna hiyo. Binti mkubwa aliomba simu yake akiwa darasa la saba. Tulisema hapana, tukataja likizo baada ya mtihani wa kidato cha pili, tukaandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la droo. Hajalalamika tena, kwa sababu anajua siku inakuja.

Sasa nifike kwa binti, ambapo maneno ya watu ni makali zaidi. Kwetu pwani msichana akishavunja ungo nyumba humfungia. Mambo aliyokuwa akifanya juzi, kutumwa dukani, kucheza barazani, kwenda kwa rafiki, ghafla ni aibu. Nimeambiwa mbele yake: "Huyo ukimwacha na baiskeli yake atakuletea mimba." Sikutaka mgeni aondoke bila jibu, nikamwambia kwa heshima kwamba baiskeli haijawahi kumpa mtu mimba, na kwamba nyumba hii binti haongelewi kama mzigo naye amekaa hapo hapo.

Jioni moja binti huyo aliingia, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka pembeni ya cherehani yangu, akaniambia kuna mwendesha bodaboda anayemngojea njia ya kutoka shule. Amempa lifti ya bure mara mbili, baiskeli ilipokuwa kwa fundi. Sasa anataka namba ya simu ya nyumbani na amemnunulia chipsi. Aliniambia mwenyewe, siku ile ile ya chipsi. Nikamwuliza anaonaje. Akasema, "Mama, mimi naogopa, lakini nimeona aibu kumkatalia kwa sababu alinisaidia." Tuliongea mpaka chakula kikapoa. Nilimweleza kwamba msaada wa mtu mzima kwa mtoto haudai malipo, na anayedai si msaada. Kesho yake baba yao alikwenda kijiweni kwa yule kijana, wakazungumza mbele ya viongozi wa kijiwe. Hajamngojea tena.

Mimi najiuliza: ningekuwa mama ambaye angemnyang'anya baiskeli na kumpiga kwa kupanda bodaboda ya mtu, angeniambia? Mimi nilikua katika nyumba ya kupigwa, na ninajua jibu, kwa sababu nilipokuwa na umri wake nilikuwa na mambo ya kusema na sikuyasema. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili, kupigwa kukiwemo. Nikiziweka takwimu hizo pamoja naona nyumba nyingi ambamo mtoto anajua kipigo kitamfikia yeye kabla hakijamfikia aliyemkosea. Hofu haimlindi msichana. Inamfunga mdomo tu, na mwenye nia mbaya anaitegemea hofu hiyo hiyo.

Haya ndiyo ninayoyaamini kwa moyo wangu wote, na kama mteja angekuwa na nafasi ya kusikia jambo moja tu kutoka kwangu ningemwambia hili.

Wanaosema ni malezi ya kizungu nawaelewa, kwa kuwa kuna shule huko Uingereza inayotajwa sana katika mambo haya. Inaitwa Summerhill. Ilianzishwa mwaka 1921 na mwalimu A. S. Neill, na tangu 1927 iko Leiston, Suffolk. Mtoto hashurutishwi kuingia darasani, na sheria za shule hupitishwa kwenye mkutano ambao kura ya mtoto na ya mwalimu ni sawa. Niliposoma habari zake nilichukua kitu kimoja, kikao. Kila Ijumaa baada ya isha tunatandika mkeka, mwenye jambo analeta. Hapo ndipo kijana wangu alipopendekeza simu zote zilazwe juu ya kabati saa tatu usiku, ya mama ikiwemo. Nilipinga. Wateja wananitumia picha za mishono usiku, hapo ndipo wanapopata nafasi, na kuna oda zinapotea. Nilieleza hayo yote, tukapiga kura, nikashindwa. Simu yangu inalala kabatini saa tatu, na wateja wangu wa kudumu wameshazoea kunitumia mapema.

Lakini kumwamini mtoto sikujifunzia huko kwanza. Nililelewa miaka kadhaa na bibi yangu Moa, kijiji cha pwani kaskazini mwa Tanga. Maji yakipwa tulitoka watoto peke yetu, mkubwa wetu hata miaka 13 hajafika, mmoja amebeba mdogo mgongoni kwa kanga, tukaenda mbali kwenye miamba kuokota kombe na chaza, au kutanda uduvi kwa nguo. Hakuna mtu mzima aliyetusimamia. Tulijua maji yakigeuka tunatoka, tulijua wapi pana nyenga, yule samaki wa mwiba, na mawe gani tusikanyage, na tuliporudi nyumbani tulichokipata ndicho kitoweo cha usiku. Bibi alituamini na chakula cha nyumba nzima. Alikuwa na bakora pia, na aliitumia, sitaki kusema zamani ilikuwa pepo. Nilichochukua kwake ni ile imani yake. Bakora nimeiacha Moa.

Malezi mageni hasa ni haya ya sasa. Naona watoto wanachukuliwa na gari la shule saa kumi na moja alfajiri wakiwa wamelala, wanarudi jioni, wanakwenda tuisheni, wanakula, wanafanya kazi za shule, wanalala. Mpaka mwaka 2023 walikuwepo watoto wa awali wanaolala bwenini, hadi serikali ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Mtoto wa namna hiyo anatumwa lini dukani? Anakosea lini hesabu ya chenji? Wazazi wake wanampenda na wanajinyima kwa ajili ya ada, wala sina neno baya juu yao. Ninasema tu kwamba akifika miaka 18 watamkabidhi maisha yote kwa siku moja, naye hajawahi kukabidhiwa hata shilingi 1,000 aifikishe Ijumaa.

Shule inanipa shida, na sijapata njia ya kuimaliza. Kijana wangu alipigwa na mwalimu kwa kuchelewesha kazi, viboko vingi, nyuma ya miguu kukawa na alama. Kabla ya kwenda nilimwuliza kama anataka niende, maana yeye ndiye atakayebaki darasani baada yangu. Alisema twende pamoja. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni zinataka mkuu wa shule ndiye achape, au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Niliyasema hayo kwa upole. Mwalimu mkuu alitusikiliza, na kijana alipewa nafasi ya kueleza mwenyewe kwa nini kazi ilichelewa. Yule mwalimu ana darasa limefurika, anafanya kazi ya watu wawili, na nilimwonea huruma kweli. Hata hivyo wenzetu Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na mwaka 2010 wakaweka kwenye katiba kwamba mtu asipewe adhabu ya kupigwa, na natamani tufike huko kabla kitinda mimba wangu hajamaliza shule ya msingi.

Kijana huyo huyo amekataa tuisheni. Jioni anakaa kwa fundi baiskeli barabara ya pili kutoka kwetu, na mji huu baiskeli hazikosekani. Anaweza kubadilisha spoku na kunyoosha ringi iliyopinda, analizungusha gurudumu na kulisikiliza. Ameshuka nafasi darasani. Baba yao hajakubaliana nami hapa, anasema mtoto wa miaka 12 hawezi kujua thamani ya mtihani wa mwaka ujao, na siwezi kusema hana hoja. Tumemwekea kijana tarehe: matokeo ya muhula huu yakitoka tutakaa naye, na yeye ndiye atakayeyasoma kwa sauti na kusema anataka kufanya nini. Nina wasiwasi. Kumwamini mtoto hakuondoi wasiwasi, nami sijawahi kumwahidi mtu hivyo.

Kwa sasa jambo lililo mezani ni la binti. Anataka likizo ya Desemba aende Lushoto kwa mama yake mdogo na wenzake wawili, wapande basi wenyewe kutoka stendi ya Kange, washuke Mombo, wapande la kwenda juu. Ameandika nauli, saa za mabasi, namba ya mama yake mdogo, na jina la mtu atakayewapokea Mombo. Baba yao atapiga kura ya hapana na ameshatoa sababu zake mbili: msimu wa sikukuu mabasi yanajaa na kukimbizana barabarani, na wazazi wa wale wenzake bado hawajazungumza nasi. La pili binti ameshalifanyia kazi, wazazi wa mmoja wanakuja kesho. La kwanza amependekeza wasafiri wiki ya kwanza shule zikifungwa, kabla ya msongamano, na warudi baada ya mwaka mpya. Mimi naelekea ndiyo, ila nimemwambia ana swali moja ambalo hajalijibu kwenye karatasi yake: wakifika Mombo na aliyeahidi kuwapokea hayupo, watafanya nini. Kikao ni Ijumaa.